Shahada ya elimu ya awali: masomo ya likizo au ya jioni?

Mwalimu wa chekechea wa hapa Mombasa aliyekwisha kukaa na watoto kwa miaka kumi, mwenye stashahada na anayetaka shahada bila kuacha kazi, kwa kawaida hupima njia mbili: masomo ya likizo, yanayofanyika shule zikifungwa mwezi wa Aprili, Agosti na Desemba, na masomo ya jioni.

Masomo ya likizo hufuata kalenda ya mwalimu mwenyewe. Husoma kutwa kwa wiki chache, kisha hurudi shuleni na kazi za kuandika, na hapo ndipo faida ilipo, kwa kuwa alilojifunza kuhusu mchezo au lugha ya mtoto hulijaribu papo hapo kwa watoto wake wa PP1 na PP2, yaani madarasa mawili ya chekechea. Ubaya ni kwamba mapumziko hutoweka.

Masomo ya jioni humkutanisha na mhadhiri kila wiki. Hata hivyo, anayeishi Likoni na kusoma kisiwani hana budi kuhesabu foleni ya feri, na sauti iliyoimba na watoto tangu asubuhi (wenye kazi hii wanaelewa) haina nguvu ya mjadala saa moja usiku.

Binafsi ningechagua likizo. Jioni humfaa zaidi anayefanya kazi katika kituo cha kulelea watoto wachanga, ambacho hakifungwi Agosti. Kabla ya kulipa karo, aulize iwapo stashahada yake itampunguzia masomo ya mwaka wa kwanza.