Diski gani ununue kwanza: mpangilio wangu kwa wanaoanza gofu ya diski hapa Minnesota

Mwezi huu nimepigiwa simu mara tatu na watu wa huku kwetu Brooklyn Park, swali ni lile lile, nataka kuanza gofu ya diski sasa ninunue ipi, basi naandika mara moja nikiulizwa tena natuma hii. Namwandikia mtu anayeanza, anayerusha kwa mkono wa kulia, na atakayechezea viwanja vyetu vya hapa, Kaposia kule South St. Paul, Bryant Lake pale Eden Prairie, na siku akiwa na hela ya kiingilio aende Blue Ribbon Pines kule East Bethel, ule uwanja wa misonobari ambako unasimama kwanza unatafuta upenyo ndio unarusha.

Kama hujawahi kuona, unarusha diski, kisahani cha plastiki, kutoka kwenye zege la kuanzia mpaka kwenye kikapu cha chuma kilichoning'inizwa minyororo, aliyerusha mara chache ndiye mshindi. Kikapu hicho alikibuni Mmarekani Ed Headrick, na uwanja wa kwanza wa kudumu ulikuwa Oak Grove kule California, 1975. Enzi hizo watu walikuwa wanarusha Frisbee za kawaida tu. Mwaka 1983 ndio kampuni ya Innova wakatoa diski yenye ukingo uliochongwa ukakata upepo, na tokea hapo zikagawanyika: pata ya kutupia kikapuni, midi ya katikati, na draiva ya kwenda mbali. Huo mgawanyo ndio unawachanganya watu dukani mpaka leo.

Mimi nilianza vibaya. Niliingia duka moja nikasema nataka diski inayokwenda mbali, nikauziwa draiva ya spidi 12, karibu dola 20, nikatoka nimefurahi. Mwezi mzima nikirusha inakwenda kidogo halafu inakata kushoto inajipigiza chini kwenye vichaka, bega linauma, nikaamini mkono wangu hauna nguvu za mchezo huu. Siku moja jamaa ninayefanya naye kazi akanipa pata yake, akaniambia rusha hii kutoka hapo hapo, na mkono ule ule. Ikanyooka, ikaelea, ikaenda kuangukia mbele ya pale ilipokuwa inaangukia draiva yangu. Kila ninachosema huku chini kinatoka kwenye ule mrusho.

Sasa zile namba nne juu ya diski, uzielewe maana ndizo zitakulinda. Chukua Leopard ya Innova, imeandikwa 6, 5, -2, 1. Ya kwanza ni spidi, na hapa wengi wanakosea: haimaanishi diski itakwenda kasi, inamaanisha WEWE unatakiwa urushe kwa kasi kiasi gani ndio ifanye kazi yake. Ya pili ni kuelea, kubwa inakaa hewani zaidi. Ya tatu ni inavyopinda ikiwa bado na kasi, ukiona alama ya kutoa ujue inavutwa kulia kwa sisi wa mkono wa kulia tunaorusha kwa kuvuta mkono kupitia kifuani. Ya nne ni inavyomalizia kushoto ikishachoka. Kwa hiyo mtu ambaye mkono wake bado haujapata kasi akishika diski yenye spidi 12 na mwisho 3, ile diski inakuwa imechoka tangu inatoka mkononi, itafanya nini zaidi ya kukata kushoto.

Mpangilio wangu ni huu.

Namba moja ni pata, na sishauriani na mtu kwenye hili. Aviar ya Innova (2, 3, 0, 1) au Judge ya Dynamic Discs (2, 4, 0, 1), yoyote kati ya hizo. Watu wanaona pata kama ya kumalizia tu, lakini hii ndiyo utakayoshika kwenye kila shimo, yaani kila kikapu cha uwanja, na miezi miwili ya kwanza hata ukiamua kucheza uwanja mzima na pata peke yake utajifunza haraka kuliko mwenye begi zima, maana haikufichi kosa, ukiinamisha mkono inainama, ukiutuliza inanyooka. Ukiwa dukani ishike: vidole vitandaze chini yake, dole gumba juu, igeuzegeuze. Ukingo ukijaa vizuri kiganjani bila kukubana, nunua hiyo, usisikilize nani anatumia ipi kwenye mashindano. Na ukiweza nunua mbili za aina moja, unasimama nyumbani na ndoo unatupia hii unatupia ile, huendi kuokota kila baada ya moja.

Namba mbili, midi. Buzzz ya Discraft (5, 4, -1, 1). Naijua ndani nje, ndiyo diski niliyoichosha kuliko zote. Inakwenda pale ulipoielekeza, basi. Pale Kaposia penye vilima na miti, mrusho ulionyooka una faida kuliko mrusho mrefu uliopotea, na Buzzz inanyooka. Kama utakuta Mako3 kwa bei nzuri nayo chukua, ni 5, 5, 0, 0, hata mwishoni haina papara ya kushoto.

Namba tatu, draiva ya taratibu, na hapa ndipo ile Leopard inaingia. Binti yangu ana miaka kumi na moja, ana Leopard ya gramu 150, juzi pale Bryant Lake karusha kutoka kwenye zege nikaona inakwenda kulia kidogo, inajirudisha katikati yenyewe, inatua taratibu kwenye majani, na yeye akageuka kuniangalia kama nimeona. Nimeona mwanangu. Kwa mtu mzima anayetaka kitu kinachoelea zaidi kuna River ya Latitude 64, wale wa Sweden, 7, 7, -1, 1, inakaa hewani muda mrefu kweli ila siku ya upepo mkali iache kwenye begi.

Namba nne ni zile seti za diski tatu zinazouzwa pamoja. Bei ni nafuu, na kama hujui utaupenda mchezo au la si hasara. Nimeziweka chini kwa sababu draiva iliyomo mara nyingine ni ya spidi kubwa, kwa hiyo soma namba kabla hujalipa.

Namba tano, za mtumba. Maduka kama Play It Again Sports wanaweka kwenye kapu, unachambua. Iliyotumika inakuwa imelegea na kupinda kulia zaidi ya ilivyokuwa mpya, na kwa anayeanza hilo ni zuri. Pitisha kidole ukingoni mzunguko mzima, mikwaruzo haina shida, ufa hapana. Uwanjani ukiokota diski ina jina na namba ya simu chini, piga simu, mwenyewe anaitafuta.

Mwisho kabisa, Destroyer na ndugu zake wote wa spidi 11 kupanda. Diski nzuri sana, wenye mikono yao wanafanya nayo maajabu, ila wewe iache mpaka Leopard iwe inakwenda mbali na inaanza kukata kulia hairudi, hiyo ndiyo dalili kwamba mkono umepata kasi.

Kuhusu uzito, nyingi zinaishia 175. Mtoto mpe 150 au chini, mtu mzima anayeanza midi na draiva ziwe 165 hivi, nyepesi inapaa kirahisi. Pata peke yake ndio napenda iwe nzito, 170 na kitu, maana upepo hauibebi ikiwa inaenda kikapuni.

Plastiki ya kawaida, Innova wanaiita DX, ni kama dola 10, zile ngumu za Star na Champion ni 17 mpaka 20. Pata nunua ya bei rahisi, inashika vizuri mkononi. Draiva ndio utaipigiza kwenye miti kila wiki, hiyo ongeza hela kidogo. Na kumbuka baridi ya hapa, Januari plastiki zote zinakuwa ngumu, ya rahisi inaweza hata kupasuka ikigonga mti, na Champion inateleza kama sabuni ukiwa na glavu, kwa hiyo anayecheza winta atafute plastiki laini.

Maziwa nayo yako kila kona. Diski nyingi zinazama moja kwa moja. Dragon ya Innova inaelea, na Hydra ambayo ni pata yao nayo inaelea, ukiwa na shimo linalopita juu ya maji weka moja wapo kwenye begi ulale usingizi.

Rangi watu wanapuuza halafu wanatembea nusu saa wanatafuta. Kijani usinunue kabisa. Waridi kali inaonekana karibu mwaka mzima, lakini Oktoba majani yakishakuwa mekundu na manjano hata ya chungwa inapotea chini, bluu ndiyo inajitokeza. Theluji ikiwa laini diski inaingia chini kabisa, unabaki na mpasuko mwembamba tu kama wa kisu, kwa hiyo kata utepe mrefu wa rangi kali, ubandike na seloteipu katikati chini ya diski, ikitua mkia unabaki juu. Ukinunua leo, kabla hujatoka nyumbani chukua kalamu ya wino usiofutika andika jina na namba yako upande wa ndani.