Kitabu cha historia cha mtoto: kagua mgongo kwanza

Kamwene wazazi wenzangu. Mwezi uliopita nilimnunulia mpwa wangu wa darasa la sita kitabu cha hadithi ya Mkwawa, yule mtemi wa Wahehe, elfu kumi na mbili, kwa muuzaji mmoja hapa Iringa mjini. Wiki ya pili kurasa za katikati zikaachia zote, upepo ukazibeba. Nikamuuliza mpwa wangu habari ya Mkwawa ilikuwaje, akanijibu aliwapiga Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891, kamanda wao Zelewski akafa, basi. Roho iliniuma, maana nilichotaka asome ni kile kilichofuata, boma lake la Kalenga kuvunjwa 1894 halafu karibu miaka minne mtu yuko porini anawindwa na hasalimu amri mpaka anakufa 1898. Uvumilivu wenyewe ndo huo, na ndo ulioenda na upepo.

Kwahiyo umri na jalada zuri siongelei, hayo mnayajua. Chungulia juu ya mgongo, pale karatasi zinapoingia kwenye jalada. Ukiona vifungu vifungu vya karatasi zilizokunjwa, na ukifungua katikati ya kifungu unaona uzi, hicho kimeshonwa, chukua. Ukiona karatasi moja moja zimenyooka tu, hiyo ni gundi tupu, na gundi ya bei rahisi kwa baridi yetu ya Juni na Julai inakauka inakatika.

Cha kwanza kwangu ni kitabu cha sanaa kilichoshonwa, hata kama hela inatosha kimoja tu kwa mwaka. Picha ikitandazwa kurasa mbili, cha gundi kinaimeza katikati, chui wa Tingatinga anabaki kichwa na mkia. Na yule Edward Tingatinga watoto wamjue jamani, alianza Dar bila turubai, anachora kwenye hadibodi kwa rangi ya baiskeli.

Cha pili, wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alioandika Shaaban Robert. Binti wa Fumba aliyeuza vyungu, 1928 yuko Bombay anarekodi santuri! Cha tatu Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ya Vita vya Maji Maji, ila hiyo ni tamthilia, mpe wa sekondari.

Mimi sifichi, dukani natafuta nembo ya wachapishaji Mkuki na Nyota kwanza, wanatoa hadithi na sanaa na Kiswahili wanakiheshimu. Vitabu vilivyobanwa kwa pini vya elfu mbili mpe wa chekechea, ila kwa mvua za Tukuyu pini inashika kutu.

Kinachonichosha ni wauzaji kufunga kitabu kwenye nailoni, ukitaka kufungua unaambiwa lipa kwanza, sasa mgongo nitaukaguaje? Ukilalamika bei wanasema nauli ya kutoka Dar. Nilipokirudisha kile cha Mkwawa nikaambiwa mtoto ndo kakivuta. Nikampelekea fundi viatu, kakishona vizuri kabisa kwa uzi wa viatu, ila kurasa nane hazipo. Jumamosi nampeleka mpwa wangu makumbusho ya Kalenga akalione lile fuvu la Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani 1954, hizo nane nitamsimulia njiani.