Teaching and Learning Toolkit: ifungue, ila usiishie kwenye namba ya miezi

Walimu ninaowasimamia tasnifu karibu wote hunijia wakiwa wameshaipitia Teaching and Learning Toolkit, huduma ya mtandaoni ya Education Endowment Foundation ya Uingereza, au EEF kwa kifupi. Ni ya bure, wala huhitaji kufungua akaunti. Mimi naitumia kufundishia somo la mbinu za utafiti, na tathmini hii namwandikia mwalimu au mtafiti anayeanza ambaye ameambiwa "kaangalie Toolkit" bila kuambiwa aiangalie vipi.

Ukiifungua unakuta orodha ya mbinu kama thelathini hivi: mrejesho, kazi za nyumbani, kufundisha mwanafunzi mmojammoja, kupunguza idadi ya wanafunzi darasani, kurudia darasa na nyinginezo. Kila mbinu ina vitu vitatu mbele yake. Alama za pauni zinaonyesha gharama, picha za kufuli zinaonyesha uzito wa ushahidi, na namba kubwa inaonyesha miezi ya maendeleo ambayo mwanafunzi anatarajiwa kuongeza ndani ya mwaka.

Nianze na sifa, maana inazistahili. Kwa miaka mingi matokeo ya tafiti za elimu yamekaa kwenye majarida ya kulipia, kwa lugha ambayo watafiti huandikiana wao kwa wao. EEF, iliyoanzishwa mwaka 2011 kwa ruzuku ya serikali ya pauni milioni 125, imeyatoa hadharani. Tena majaribio inayoyafadhili yenyewe hutathminiwa na watu wasiohusika na kubuni programu husika, mpango wa jaribio hutangazwa mapema, na ripoti hutolewa hata pale programu isipoleta tofauti yoyote. Hilo la mwisho kwangu ni suala la maadili kabla ya kuwa suala la mbinu. Mtoto aliyetoa saa zake za darasani kwa ajili ya jaribio anadaiwa jibu, na "haikusaidia" nalo ni jibu. Watafiti wangapi wamelifungia kabatini kwa kuhofia kwamba hakuna jarida litakalolichapisha!

Sasa tuje kwenye miezi, ambayo ndiyo inayovuta macho na ndiyo inayopotosha. Nyuma yake kuna kitu kinachoitwa ukubwa wa athari: unachukua tofauti ya wastani wa alama kati ya waliopata mbinu na wasioipata, unaigawa kwa mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi alama zilivyotawanyika. EEF wana jedwali la kuigeuza namba hiyo: 0.10 hadi 0.18 ni miezi miwili, 0.45 hadi 0.52 ni miezi sita. Jedwali ni hilohilo moja kwa umri wowote. Lakini watoto hawaongezeki maarifa kwa kasi moja. Mwaka 2008 Carolyn Hill na wenzake walionyesha, kwa mitihani sanifu ya Marekani, kwamba ujuzi wa kusoma hupanda, kwa kipimo hichohicho cha ukubwa wa athari, kwa 1.52 kati ya chekechea na darasa la kwanza, na kwa 0.06 tu kati ya miaka miwili ya mwisho ya sekondari. Hebu piga hesabu. Athari ya 0.10 kwa mtoto anayetoka chekechea haifiki mwezi mmoja wa ukuaji wake wa kawaida, na kwa kijana anayemaliza sekondari inazidi mwaka mzima. Jedwali linawapa wote wawili miezi miwili. Matthew Baird na John Pane walipolinganisha mwaka 2019 njia kadhaa za kutafsiri ukubwa wa athari, njia ya kuugeuza kuwa muda wa kujifunza ndiyo waliyoikuta dhaifu kuliko zote.

Tatizo lenyewe lina mizizi mirefu zaidi, na Adrian Simpson wa Chuo Kikuu cha Durham alilieleza vizuri mwaka 2017. Ukubwa wa athari hausemi habari za mbinu peke yake, unasema habari za jaribio zima. Chukua mbinu ileile, ijaribu kwa wanafunzi wanaokaribiana uwezo badala ya darasa la mchanganyiko: alama zitatawanyika kidogo, kigawanyo kitapungua, namba itapanda. Wapime kwa mtihani uliotungwa na mtafiti mwenyewe juu ya kile alichofundisha, itapanda tena. Walinganishe na kundi ambalo halikupewa chochote badala ya kundi lililofundishwa kwa njia nyingine nzuri, itapanda mara ya tatu. Katika yote hayo hakuna mwalimu hata mmoja aliyefundisha vizuri zaidi. Ukiyakusanya majaribio ya namna hiyo, ukayatafutia wastani, kisha ukazipanga mbinu kwa ngazi, kwa sehemu kubwa unachopanga ni desturi za watafiti wa kila eneo. Na tazama kinachotokea majaribio yakiwa makubwa na ya makini: Hugues Lortie-Forgues na Matthew Inglis walipitia majaribio nasibu 141, yaani yale ambayo nani apate mbinu na nani asipate huamuliwa kwa kura ya bahati, yaliyofadhiliwa na EEF na taasisi ya serikali ya Marekani, wakapata wastani wa 0.06. Kwa jedwali la EEF huo ni mwezi mmoja.

Mwalimu mmoja aliniletea pendekezo la utafiti kuhusu mrejesho katika uandishi wa insha. Sehemu ya kiunzi cha nadharia ilibebwa na sentensi moja, kwamba mrejesho huongeza miezi sita. Nikamuuliza, mrejesho upi? Wa kumwambia mtoto "hongera, una akili sana", wa kumwonyesha kwamba aya yake ya pili haina hoja, au wa kumwandikia 14 kati ya 20 na kumrudishia daftari? Namba yenyewe ilikuwa minane hadi marekebisho makubwa ya mwaka 2021, EEF walipoanza kusoma tafiti mojamoja badala ya kutegemea majumuisho ya watu wengine. Watoto walikuwa walewale. Kilichobadilika ni tafiti zilizoingia kwenye hesabu na jinsi zilivyosomwa.

Nikampa asome makala ya Avraham Kluger na Angelo DeNisi ya mwaka 1996. Hawa walijumlisha tafiti za mrejesho wakapata wastani wa 0.41, na hapohapo wakakuta kwamba katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo mrejesho ulishusha utendaji. Walichotoa ni nadharia: mrejesho unaomfanya mtu ajifikirie yeye mwenyewe, badala ya kazi iliyo mbele yake, hupoteza nguvu. Hiyo mwalimu anaweza kuingia nayo darasani akajua la kufanya na la kuacha. Yule mwalimu aliandika pendekezo upya, safari hii akiuliza maoni ya pambizoni yanaelekeza fikra za mwanafunzi wapi. Niseme haki: ukishuka chini ya namba, kurasa za Toolkit zenyewe zina maelezo mazuri ya kilichojificha nyuma ya wastani. Shida ni kwamba mtu ameshaondoka na miezi yake.

Kwenye maadili huduma hii iko kimya, na kimya hicho kinaniuma. Chukua kurudia darasa. Toolkit inaonyesha kwamba kunamrudisha mtoto nyuma, nami nakubali. Lakini ushahidi huo umejengwa zaidi kwa kulinganisha waliorudishwa na wanaofanana nao waliopandishwa, kwa sababu hakuna kamati ya maadili itakayoruhusu upige kura mtoto gani arudie. Anayesema jaribio nasibu ndilo ushahidi pekee wa maana atuambie maswali ya aina hii tuyajibu kwa njia gani. Pale ambapo kura inapigwa, kuna kundi linaloambiwa lisubiri hadi mwaka unaofuata, na kwa mtoto aliyechelewa kusoma mwaka ni mwingi. Mkuu wa shule akikubali shule yake ishiriki, je, mtoto wa miaka tisa ameridhia? Wanaotetea majaribio wanajibu kwamba kueneza mbinu isiyopimwa kwa mamilioni ya watoto nako ni jaribio, tena lisilo na ridhaa ya mtu yeyote. Ni hoja nzito, naipokea. Ila msomaji wa Toolkit hakutani na upande wowote wa mjadala huo.

Hakutani pia na swali la mwananadharia wa elimu Gert Biesta, aliloliuliza mwaka 2007 na ambalo halijazeeka: mbinu inafaa kwa lengo gani? Miezi ya Toolkit ni miezi ya ufaulu, ule unaopimwa kwa mitihani. Mbinu inayopandisha alama za kusoma huku ikimfanya mtoto achukie vitabu itapewa kufuli na miezi yake kama kawaida. Nani ameamua kwamba hiyo ni gharama ndogo? Mwalimu ana haki ya kuliuliza hilo, na nadharia ya elimu ndiyo inayompa maneno ya kuliulizia.

Bado naipendekeza, hasa kwa anayetafuta pa kuanzia mapitio ya maandiko. Soma kufuli kabla ya miezi, kisha teremka moja kwa moja hadi chini ya ukurasa, kisha fungua angalau tafiti mbili zilizoko nyuma ya wastani uone nani alilinganishwa na nani, na mtihani ulitungwa na nani. Mkuu wa shule anayetaka kuamua matumizi ya fedha kwa kutazama orodha tu asiitumie hivyo.

Kwa EEF nina ombi moja. Pale juu, penye namba kubwa ya miezi, wekeni hayo mawili: kundi linganishi lilipata nini, na mtihani ulikuwa wa nani. Tangu mwaka 2021 mmekuwa mkizisoma tafiti mojamoja, kwa hiyo taarifa hizo mnazo.