Spana ya nati ya klachi: uichonge au uinunue?

Nati ya klachi kwenye baadhi ya bodaboda haina pembe sita. Ni ya duara yenye mikato minne, na spana ya kawaida haiishiki. Wako mafundi wanaoipiga patasi na nyundo hadi ikalegea. Hao siwapi pikipiki yangu.

Kuichonga spana yake si kazi ngumu. Tafuta soketi kuukuu ya chuma kigumu, ipake chaki mdomoni, ikandamize juu ya nati ili mikato ijichore, kisha kata kwa grenda yabaki meno manne. Ichovye majini kila baada ya muda mfupi. Chuma kikishageuka buluu kimelainika, na meno yatapinda. Yangu niliichonga barazani Likoni kwa soketi ya vyuma chakavu, bei ya chai na mahamri. Meno mawili niliyakata mafupi mno, nikaanza upya.

Ya dukani huingia barabara siku ileile, na mwenye foleni ya wateja asihangaike na grenda. Ila zile rahisi ni laini. Kutu ya upepo wa bahari haichagui, zote zipake oili.

Pula ya magneto, kile kifaa cha kuing'olea, lakini, nunua. Nyuzi zake ni nyembamba, na ya kubahatisha itang'oa nyuzi za magneto yenyewe. Geji ya valvu, yaani bati jembamba la kupimia nafasi ya valvu, pia: unapima sehemu za mia za milimita, bati la mkebe halikufai.