Uzoefu wangu na mashine ya kupumulia usingizini: hewa ilivyonijaa tumboni

Natumia mashine hii mwezi wa tano sasa, hapa Kisauni. Naandika kwa sababu wiki tatu za kwanza nilipata taabu ambayo hakuna aliyenitajia kabla ya kununua.

Bibi yangu ndiye aliyenishikilia niende hospitali. Alikuwa hapati usingizi: nakoroma, kisha kimya, pumzi imekatika, kisha nagutuka kama mtu aliyeopolewa majini. "Baba Salma, wanitisha," akaniambia. Mchana nako, dukani Marikiti, nasinzia bizari ya mteja ikiwa bado mizanini. Nilipopimwa, pumzi ilikuwa ikikatika au kupungua mara 41 kwa saa. Kuanzia 30 huhesabiwa ni hali kali. Sikubisha tena.

Usiku wa kwanza nililala, alhamdulillahi, usingizi ambao sikuwa nimeupata kwa miaka. Lakini nilipoamka alfajiri tumbo lilikuwa limewamba kama ngoma. Chini ya mbavu za kushoto panachoma, nikirukuu nahisi kitu kinanisukuma kutoka ndani. Nabeua mfululizo, na gesi haiishi mpaka saa nne. Kwa sisi wa kuamkia swala, udhu haukai, na hilo lilinisumbua kuliko hayo maumivu yenyewe. Nikaacha mbaazi, nikaacha maharagwe, nikanunua dawa ya asidi nikidhani ni vidonda vya tumbo. Nilipompigia muuzaji akanijibu, "Utazoea." Jibu hilo bado laniuma. Mtu amelipa pesa nyingi, anaeleza maumivu, aambiwe azoee?

Nikaiweka mashine kando siku mbili. Tumbo likanywea, mkoromo ukarudi. Hapo nikajua chanzo ni mashine, nikarudi kwa daktari.

Alinieleza vizuri sana. Mashine hizi husukuma hewa ili koo lisijifunge mtu akilala. Sasa koo ni njia panda: hewa yaenda mapafuni, chakula chaenda tumboni kupitia umio. Presha ya hewa ikizidi, au mtu akiwa anameza hewa usingizini, sehemu yake hupita njia ya chakula. Akasoma kadi ya mashine, ile inayoweka kumbukumbu za kila usiku. Presha ya mashine yangu ilikuwa imewekwa 14 usiku kucha, na barakoa ilikuwa inavuja. Pua nayo ilikuwa imeziba kwa vumbi la viungo, kwa hivyo nilikuwa nafungua mdomo na kugugumia hewa.

Akaiweka ijipandishe na kujishusha yenyewe kati ya 7 na 12, akawasha na ile sehemu ya kupunguza presha ninapotoa pumzi. Barakoa akanibadilishia. Nyumbani nimeinua kitanda upande wa kichwani kwa matofali, nalala ubavu wa kushoto, pua naisafisha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, na chakula cha usiku nakila mapema, si kula na kulala papo hapo kama zamani. Tafadhali, presha usiichezee mwenyewe. Ukiishusha ovyo koo litajifunga tena, na hutajua kwa kuwa umelala.

Haikupoa siku moja. Wiki ya kwanza tumbo lilijaa nusu ya awali, ya pili nikabaki na kubeua kidogo tu asubuhi.

Mashine yenyewe naisifu: haina kelele, na joto hili la Kaskazi nimelivumilia nikiwa nayo usoni. Shida ni stima, ikikatika naamka nimekosa hewa ndani ya barakoa, inabidi niivue. Huduma ya duka siisifu. Kabla ya kulipa, uliza nani atakuwa akisoma kadi yako na kurekebisha presha, na kama barakoa yaweza kubadilishwa.

Jana kioo cha mashine kiliandika pumzi imekatika au kupungua mara 3 kwa saa. Alfajiri nimerukuu bila kushika tumbo, na bibi yangu alikuwa bado amelala.