Mtambo wa umeme wa lita 25 wa kupikia pombe kali nyumbani: nimeujaribu kwa viazi mara tatu

Nakaa Auckland huku New Zealand, na kitu kilichonishangaza tangu nafika ni kwamba mtu anaruhusiwa kabisa kupika pombe kali nyumbani kwake kwa ajili ya kunywa mwenyewe, sheria iko hivo tangu 1996, mradi tu usiuze hata chupa moja. Kwa sisi tuliokulia Mbeya, ambako mtambo wa gongo unafichwa huko bondeni na polisi wakitokea watu wanatimua mbio pipa linabaki linachemka, kukuta mtambo umepangwa dukani kwenye shelfu na bei imebandikwa, pembeni hamira na ndoo, aisee sikuamini macho yangu. Nikajichanga miezi kadhaa nikanunua, dola 800 na ushee za huku.

Ukifungua boksi unakuta sufuria kubwa la stenlesi lita 25, koili ya umeme ya wati 2000 iko chini ya kitako, juu unafunga mnara wenye shaba ndani na mpira wa kupitisha maji ya bomba kupoozea mvuke. Umeungwa vizuri, hakuna sehemu inayopwaya, na hiyo shaba sio urembo maana inakamata ile harufu ya yai viza inayotokana na hamira. Kufunga ni dakika kumi tu.

Sasa mimi nilitaka viazi. Wengi huku wanachachusha sukari na maji basi, ni rahisi na haina kazi, ila niliwahi kuonja vodka ya viazi ya Poland ikanikaa moyoni, ina uzito fulani mdomoni, laini kama imepakwa mafuta, na tangu siku hiyo nikasema lazima nipike ya kwangu. Nilimuuliza muuzaji mara mbili, hapa naweka rojo la viazi moja kwa moja? Akasema weka chochote kilichochacha, haina shida. Ina shida. Na hili ndo jambo kubwa ninalotaka mnunuzi yeyote alijue kabla hajatoa hela.

Mara ya kwanza nilimimina rojo zima ndani ya sufuria la mtambo, zito kama uji wa mgonjwa. Koili iko chini, rojo halizunguki kama maji, kwa hiyo lile la kitakoni likakaa palepale linaungua. Dakika arobaini tu nasikia harufu ya ukoko wa ugali nyumba nzima, nazima, nafungua, chini kuna tabaka jeusi unene wa kidole. Harufu ya kuungua inapanda na mvuke inaingia kwenye pombe, na haitoki hata upike mara ya pili. Nilimwaga yote, kilo 12 za viazi na siku nane za kusubiri, alafu nikasugua lile sufuria kwa stiliwaya siku mbili. Duka niliwarudia wakasema maelekezo yapo kwenye kijitabu. Kijitabu kinaongelea sukari tu kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, viazi hakuna. Hii sio haki kwa mteja aliyeuliza waziwazi.

Kosa la pili lilikuwa langu, viazi vyenyewe. Nilichukua aina ya Nadine kwa sababu vilikuwa bei chini, kumbe vile ni vya maji maji, vizuri kwa saladi, wanga wake kidogo. Mara ya pili nikachukua Agria, vile vya unga unga ambavyo ukichemsha vinapasuka vyenyewe, na tofauti niliiona hata wakati wa kuponda. Alafu viazi havichachi hivihivi jamani, wanga sio sukari, hamira haiwezi kuula. Lazima uweke kimea cha shayiri au ile enzaimu wanayouza kwenye pakiti, ndo inageuza wanga kuwa sukari, rojo likiwa kwenye nyuzi 65 hivi, ufunike na blanketi saa moja na nusu. Hapa kuna kitu nakipenda sana, unachota kijiko kimoja kwenye kisahani cheupe unadondoshea tone la ayodini. Likigeuka bluu nyeusi wanga bado upo, likibaki na rangi yake ya kahawia ujue kazi imeisha, na ukionja unakuta rojo limekuwa tamu kweli, tamu kama mtu kaweka sukari, wakati saa mbili zilizopita lilikuwa viazi vya kuponda. Nilimwita mke wangu aje aonje hakuamini.

Nikaweka hamira, baada ya wiki nikachuja kwa kitambaa, nikakamua, nikaacha litulie siku mbili, nikamimina kwenye mtambo maji ya juu tu. Ukifanya hivo huu mtambo ni mzuri mno. Haukuungua hata kidogo, joto limetulia, tone linafuata tone. Mpira wa mfuniko ulianza kuvuja mvuke kidogo, nikazima, nikakanda unga wa ngano nikaziba kama wanavyofanya mama zetu kule nyumbani, ukashika. Ila kwa bei hii mpira ulitakiwa uwe imara zaidi. Maji ya kupoozea nayo yanaenda mengi, mi nayakinga kwenye pipa namwagilia bustani.

Ile ya mwanzo kutoka, yenye harufu kama ya kufutia rangi ya kucha, usiinywe, mwaga. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu Kenya 2014 watu wengi sana walikufa na wengine wakapofuka kwa pombe yenye methanoli, yaani kilevi chenye sumu. Viazi vyenyewe vinatoa methanoli kidogo tu, sumu ya kuua mara nyingi ni ile ya viwandani ambayo mtu anaichanganya makusudi ili apate faida. Ndo maana nathamini kupika mwenyewe, najua kilichoingia kuanzia kiazi mpaka chupa. Na usipikie ndani palipofungwa wala karibu na jiko la gesi, mvuke wa kilevi unashika moto.

Kilo 12 za Agria zimenipa chupa mbili na nusu za asilimia 40 baada ya kuongeza maji. Sio nyingi, ukipiga hesabu ya muda na umeme utalia. Lakini shemeji yangu alikuja kutoka Hamilton, mtu wa konyagi tangu ujana, nikammiminia bila kumwambia kitu, akanywa kimya, akaiweka glasi akaniangalia, "Shem, mbona hii haichomi?" Akaomba nyingine.

Kwa sukari naupa nyota tano. Kwa viazi naupa tatu na nusu, na ile nusu ni ya shaba. Kama una hela zaidi na viazi ndo lengo lako, tafuta ule unaopashwa kwa mvuke au wenye koti la maji, hautaungua. Mi nabaki na huu, mara ya tatu imetoka safi kuliko ya pili, na jana nimeletewa gunia la viazi aina ya Ilam Hardy kutoka Pukekohe, lipo gereji.