Mafungo ya siku mbili Moshi: jagi la maji lilifundisha kuliko mwezeshaji

Mwezi uliopita nilihudhuria mafungo ya siku mbili katika nyumba moja juu ya mji wa Moshi, yaliyotangazwa kuwa mafunzo kuhusu tamaa, kiasi na mateso katika Ubuddha na Ukristo. Ada ilikuwa shilingi 70,000 pamoja na chakula na malazi, na kwa upande huo sina lalamiko: blanketi zilitosha baridi ya mlimani, na mtori wa Jumamosi usiku ulipikwa na mtu anayeujua.

Kipindi cha kwanza pekee kilirudisha fedha yangu. Saa saba mchana mwezeshaji aliweka mezani jagi la maji ya baridi, akakataza mtu kuligusa, kisha akaeleza kwamba neno tanha la Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Wabuddha, ambalo Buddha alilitaja kuwa chanzo cha mateso katika hotuba yake ya kwanza karibu na mji wa Varanasi, India, maana yake ya asili ni kiu. Papo hapo mama mmoja akakumbusha Zaburi ya 42, ambamo nafsi inamwonea Mungu kiu, na ukumbi mzima ukaamka, kwa kuwa neno lilelile lilikuwa ugonjwa huku na sala kule. Njia ya kati, yaani kutozidisha anasa wala kujinyima, nayo ilielezwa vizuri: Siddhartha, yaani Buddha kabla hajapata mwangaza, alijinyima hadi akabaki mifupa mitupu, ndipo akakubali bakuli la wali wa maziwa.

Kasoro ilianza pale mzee mmoja aliponyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, mtu mwenye kiu ana kosa gani?" Akajibiwa harakaharaka kwamba Wabuddha hutaka kuua kila tamaa. Jibu hilo si sahihi, kwani mapokeo ya Kipali hutenganisha tanha na chanda, yaani nia ya kutenda, ambayo ikielekezwa kwenye wema ndiyo humwezesha mtu hata kuianza njia yenyewe ya kuondoka kwenye mateso. Isitoshe, Buddha akiwa mzee na mgonjwa, safarini kuelekea Kusinara, mji alikofia, alimwomba mwanafunzi wake Ananda maji mara tatu, na Yesu msalabani alisema, "Naona kiu." Laiti matukio hayo mawili yangesimuliwa mbele ya jagi lile, mzee angepata jibu lake kutoka pande zote mbili.

Jumapili ilikwenda mbiombio. Augustino, mwalimu wa Kanisa la kale, ambaye kwake shida ni kupenda vitu bila mpangilio na wala si kupenda kwenyewe, alipewa nusu saa tu, kwa karatasi zilizofifia kiasi kwamba jirani yangu alisoma kwa tochi ya simu. Ningemshauri mtu aende, ila asiache Biblia yake nyumbani na asione haya kubisha.

Jagi liliruhusiwa saa nane na robo, maji yakiwa yameshapata uvuguvugu, na mzee yule akanywa glasi mbili mfululizo.